Baraka za Malisho ya Bwana Kosta

Jumatatu, 1 Julai 1912
Nyota yangu imewaka! Bwana Kosta, Mgiriki mwenye hoteli, ametangaza kwamba Jumamosi mimi na Naftali tutashindana biliadi mbele ya wageni. Mshindi atakuwa mchezaji wa hoteli. Kazi yake kucheza tu, na kwenda Moshi kupambana na mchezaji wa hoteli ya kule. Atakayeshindwa atachota maji. Naftali ni Mmeru, mwendesha mkokoteni wa maksai. Anajua nini? Mimi ndiye ninayeifuta meza hii kila asubuhi. Nimempasha habari Nashipae, binti ninayetaka kumwoa. Amesema baba yake anataka mkwe mwenye kazi inayoeleweka. Haya, ataielewa Jumamosi.

Jumanne, 2 Julai
Nimesokomeza kigae chini ya mguu mmoja wa meza. Sasa mipira yote inateremkia dirishani, na siri ninayo peke yangu. Nagusa kwa upole tu. Mpira wangu unajiendea, unaigonga ile mingine miwili, pointi! Nina akili mpaka najionea wivu.

Alhamisi, 4 Julai
Balaa! Bwana Kosta alilaza chupa mezani, ikabingirika yenyewe. Akainama, akakiona kigae. Akauliza nani kakiweka. Nikasema labda panya. Akauliza panya wa Arusha wameanza lini kubeba vigae. Naftali alicheka mpaka akakaa chini. Mshenzi.
Meza imenyooka, nami nimeshasahau kucheza kwenye meza iliyonyooka. Limebaki jambo moja: Baba mkubwa Sironka. Ngaramtoni nzima humwita kubariki mifugo. Mimi nimebatizwa, naitwa Solomoni, mchungaji akisikia nimekwisha. Lakini kubariki fimbo si kubariki ng'ombe.

Ijumaa, 5 Julai
Bwana Kosta kaenda Usa River kununua viazi. Baba mkubwa akafika na kibuyu cha pombe ya asali. Nikamwamkia kwa adabu, nikampa fimbo ya biliadi, nikamwomba aibariki. Fimbo tu! Akauliza ni ya kuchungia nini. Nikasema mipira. Hakunisikia. Alikuwa ameshaona kitambaa cha meza, kijani kibichi. Akakipapasa. Akasema tangu azaliwe hajaona malisho mazuri namna hii, na fimbo bila malisho ni kuni. Akajaza pombe mdomoni, akayapulizia. Pfuuu! Upande wa Mlima Meru. Pfuuu! Upande wa boma la Wajerumani. Nikamsihi aache, baraka zimetosha. Akasema baraka hazikatizwi katikati. Kibuyu kikaisha.
Nimefuta mpaka tambara limening'ang'ania mkononi. Ee Mungu, ikauke!

Jumamosi, 6 Julai
Imekauka. Inanata.
Wageni walijaa ukumbini. Nyuki pia. Nilianza mimi, kwa upole wangu wa kigae. Mpira uliondoka vizuri, ukasita, ukalala. Nikapiga tena. Ukalala tena. Naftali akakunja mikono ya shati, akapiga kama anawatoa maksai matopeni. Mpira ukachana asali, ukagonga wa kwanza, ukagonga wa pili! Ukumbi mzima makofi. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Nyuki mmoja akaniuma sikio. Bwana Kosta akapitisha kidole mezani, akakilamba, akanitazama. Safari hii sikuthubutu kutaja panya.
Nashipae alikuwa ameleta maziwa. Aliona yote kupitia dirishani. Nilijificha stoo nikalia, na siyo kwa sababu ya sikio.

Jumapili, 7 Julai
Baada ya ibada nilikwenda Ngaramtoni kumlalamikia Baba mkubwa. Hakuona kosa lake. Akasema yeye alibariki malisho, na malisho yakibarikiwa humshibisha yeyote anayechunga humo. Akaulizia hali ya Naftali. Kijana yule, akasema, anaonekana ana mkono mzuri.

Jumatatu, 8 Julai
Nilikuwa na ndoo mtoni, Nashipae akaja mbio. Amemwambia baba yake kwamba sasa nachota maji hotelini. Mzee amefurahi sana! Kazi hiyo anaielewa. Ananiita nyumbani Jumapili tuzungumze.
Nimemsihi Nashipae ambembeleze mzee asubiri kidogo, niipate kwanza ile kazi ya kucheza. Ameondoka bila kuaga. Wanawake hawajui mipango.
Alhamisi Naftali anakwenda Moshi, na mkokoteni utahitaji mchota maji. Nimeshajitolea. Baba mkubwa atatutangulia kwa miguu, aibariki meza ya kule. Nimemtumia ujumbe kwamba pombe ya asali ndiyo iliyotuharibia. Safari hii aje na maziwa.