Miiko ya Kumzuia Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mama mkwe anakuja keshokutwa. Risper aliniambia nikiwa bado na vumbi la mawe puani. Hata kunawa hakunisubiri. Ati miaka sita tuko Nyeri na sijampeleka popote ila kanisani na kwa daktari wa meno. Sasa mama yake atembezwe: aone mlima, aone maporomoko ya maji, aone kaburi la yule mzungu wa maskauti. Akitembezwa, Risper atabaki. Asipotembezwa, atarudi naye kwao Ugenya, upande wa ziwa, na mimi nibaki na jiko langu na ukungu wangu. Alisema hayo akikunja nguo. Zilikuwa nguo zangu, kwa hiyo sikuogopa sana.

Sitaki! Watu hutoka Nairobi na kamera kuja kuona vitu hivi. Mimi navijua kwa mgongo. Mlima nilipanda mara moja, nimebebeshwa hema, viti viwili na choo cha kukunja cha bibi mmoja Mjerumani. Nilitapika kambi ya kwanza. Choo hakikutumika safari nzima.

Maporomoko? Zile ngazi za kushukia tulizichonga sisi. Siku ya ufunguzi wakubwa walikata utepe, sisi tukaambiwa tusimame nyuma ya lori tusiharibu picha.

Kaburi? Lina alama ya duara na nukta katikati. Wanasema maana yake ni kwamba mwenyewe amekwenda nyumbani. Mtu ametoka ng'ambo, amefia hapa, imehesabiwa amefika nyumbani. Mimi nina miaka kumi na mmoja hapa na mwenye ploti tunayopanga bado ananiita yule mtu wa ziwa.

Jumapili ndiyo siku yangu moja ya kulala. Sitaipeleka kwa kaburi la mtu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata njia! Machimboni leo nilimuuliza Kyalo, mwenzangu wa kupasua mawe, jinsi wanavyoishi na mama wakwe kwao Kitui. Akasema zamani mwanamume akimwona mama mkwe njiani aliingia kichakani mpaka apite. Kichakani! Watu wenye akili.

Hata kwetu heshima hiyo ipo. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Simwangalii usoni. Sasa nani atahesabu miiko ikiongezeka mitatu? Risper alikulia shule ya bweni, hajui mila. Mama yake ni mtu wa kanisa, atakuwa amesahau nusu.

Kyalo aliniuliza kama siogopi wafu wakisikia. Nikamwambia wafu wetu wako mbali sana na hapa Wamagana. Akacheka hadi nyapara Ngatia akatuuliza kama mawe yamekuwa harusi.

Jumatano, 7 Agosti

Amefika. Mama mkubwa, sauti ya kwaya, kuku mmoja hai kwapani. Analala kwa Bi Subira, jirani yetu mjane, kama mila inavyotaka. Bi Subira alimpa chumba cha mbele na chai ya tangawizi. Kwangu hajawahi kutoa hata chumvi.

Saa kumi ukungu ukafunguka. Mlima wote nje, na theluji yake, wa kujionyesha tu. Mama mkwe akauliza twende wapi tuuone vizuri. Nikampa mgongo kwa heshima, nikatoa mwiko wa kwanza: mkwe na mama mkwe hawatazami kilele kimoja kwa wakati mmoja, kiuno cha mmoja wao kitakufa ganzi. Nilidhani tutarudi ndani.

Akasema basi nifumbe macho.

Nilifumba! Robo saa nzima, katikati ya ploti, kofia mkononi. Gatimu wa chumba cha nne, mwenye pikipiki, mwenye koti la ngozi, mwenye maneno, akajitokeza kuwatajia vilele kimoja kimoja. Wao wakawa wanasema ai, ai, tazama! Watoto wakaniuliza kama naombea mvua. Gatimu akawajibu waniache, mzee anatafuta mtandao.

Alhamisi, 8 Agosti

Mwiko wa pili, wa ngazi. Huu niliupanga vizuri. Mkwe akimtangulia mama mkwe kushuka, akigeuka ataona asichopaswa kuona. Akimfuata, kivuli chake kitamkanyaga. Kwa hiyo pahali penye ngazi hatuendi.

Mama mkwe alifikiri kidogo. Akasema kweli, heshima ni kitu kikubwa, basi mimi nibaki. Wakaenda na Gatimu. Wote watatu juu ya pikipiki moja, mama mkwe katikati kama gunia la mahindi lililovaa kitambaa cha kichwa.

Nikajiona mshindi. Nikaenda kazini nikipiga mluzi. Mvua ikatunyeshea tangu saa nne.

Jioni Gatimu alinishikia simu mbele ya macho, ati nione uzuri wa kwetu. Kwetu, akasema, akijigusa kifua. Picha ya kwanza: mama mkwe ameshika ukingo wa mawe. Najua jiwe lile. Lilinivunja kucha mbili. Picha ya pili: Risper anacheka, maji yamemrukia, mdomo wazi, meno yote nje. Nilimrudishia simu. Nilikuwa nimesahau ana mwanya.

Risper alipakua chakula. Aliniuliza tu kama Jumapili nitakuja nao kaburini. Aliuliza polepole, si kwa ukali. Nikasema tutaona.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku mbaya. Niiandike yote.

Nilitoka kazini nimeamua Gatimu asipate hata inchi moja ya kaburi lile. Mwiko uwe mzito, wa kumtia mama mkwe hofu, ziara ife kabisa, sote tulale Jumapili. Nikaketi kizingitini kwa Bi Subira, uso nimeuelekeza barabarani, nikaanza.

Nikasema mama mkwe akiona kaburi la mgeni katika mji anaokaa mkwe wake, ni balaa. Lazima litakaswe kwa mbuzi. Hapo ningenyamaza ingetosha. Lakini alikuwa akisikiliza vizuri mno, nikapata nguvu. Nikasema beberu, mweupe, asiye na doa. Mkwe mwenyewe ampeleke mpaka nyumbani kwa mama mkwe, kwa mkono wake, asitume mtu. Na mpaka beberu huyo afike, binti wa mama huyo asilale nyumba ya mume wake hata usiku mmoja.

 Kisha akauliza: ora, una hakika? Hilo ndilo jina tunaloitana wakwe. Nikaapa kwa jina la baba yangu aliyelala kaburini.

Akashusha pumzi. Akasema basi ni bahati mbaya, kwa maana kaburi ameliona leo asubuhi. Gatimu aliwapeleka nikiwa machimboni. Pazuri, akasema, pamefyekwa.

Gatimu alikuwa ameegemea mlango, anakula ndizi. Akasema pole sana mzee, beberu mweupe si rahisi kumpata, lakini yeye anajua mtu anayewauza, mjini Kenol.

Risper akanifuata nje. Akaniambia kwa sauti ya chini niseme tu nimeubuni. Sentensi moja. Mama atacheka, ataenda zake Jumatatu, na yeye atabaki. Nikageuka nikarudi mlangoni. Nikafungua mdomo. Gatimu alikuwa bado pale, na ndizi yake, anangoja.

Nikasema mila ni mila.

Jumamosi, 10 Agosti

Wameondoka saa moja asubuhi. Safari hii zilizokunjwa zilikuwa nguo za Risper. Mama mkwe alinishukuru kwa kulinda heshima ya familia. Sikuweza kumwangalia usoni, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa sababu ya mila. Gatimu alibeba begi.

Bi Subira alingoja wapotee ndipo aniambie. Ati tangu Alhamisi mama mkwe alikuwa amemshauri binti yake abaki, mume ana mikono ya kazi, mji una maji. Ati asingeamini maneno ya mbuzi kama nisingemtaja baba yangu. Nikamuuliza kama kweli aliamini. Bi Subira akasema muulize mwenyewe, akafunga mlango.

Jumapili, 11 Agosti

Nililala mchana kutwa, kama nilivyotaka. Baridi. Kitanda ni kikubwa kuliko nilivyokumbuka.

Gatimu alipita kuniuliza kama nataka kwenda mahali, kujichangamsha. Nikamwambia aende yeye.

Jumatano, 14 Agosti

Habari njema! Kyalo amenipa akili bila kujua. Alikuwa akiwacheka wale vijana wa Nanyuki wenye beseni lililotobolewa, wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka huku hivi na kule vile, kwenye mstari wa ikweta. Watu hulipa kuona maji! Mimi siendi hata nikibebwa. Lakini nikauliza, kwenda Ugenya si tunauvuka mstari huo huo pale Maseno? Kyalo akasema ndiyo.

Nikaacha nyundo chini. Nikapanda juu ya rundo la mawe nikapiga simu.

Risper ndiye aliyepokea. Hakunisalimu. Aliniuliza kama kuna neno nataka kumwambia. Sauti yake ilikuwa laini, ile ya Alhamisi. Akasema mama yuko shambani, yeye yuko peke yake, niseme tu.

Nikamwambia ninalo, tena zito. Mbuzi wa utakaso havuki ikweta. Akivuka, matumbo hujizungusha kinyume na baraka inageuka laana. Wazee wote wanajua. Kwa hiyo beberu hawezekani, deni limekufa, na yeye apande gari arudi kesho.

 Kisha simu ikakatika. Mtandao wa kule ni mbaya siku zote.

Kesho nitapiga tena. Kondoo, nadhani, anaruhusiwa kuvuka, ila awe na mimba, na huyo hachinjwi.