Ridhaa ya Bwana Musyoka

Ilitangazwa rasmi, katika mwaka mmoja wa miaka ile ya themanini, kwamba zama za kuandikiana ovyo zimekoma katika Malindi na vitongoji vyake. Wakubwa walikuwa wamegundua, baada ya uchunguzi wa kina, kwamba mwananchi huamka na afya yake, akaenda posta, akafungua sanduku, na humo akakuta barua ya mtu anayetaka kumuuzia kitu. Jambo hilo halivumiliki katika nchi huru. Kwa hiyo ikaundwa Ofisi ya Matangazo ya Barua yenye Staha. Ikapewa chumba nyuma ya bohari ya mbolea, mashine ya kurudufu, na mpiga taipu aitwaye Idah. Mkuu wake akawa Bwana Musyoka.

Bwana Musyoka alikuwa mtu mwema. Lisemwe mapema hilo, maana mbele litasahaulika. Alikuwa amehudhuria semina Mombasa, akarudi na mkoba mpya na imani. Na kanuni alizorudi nazo zilikuwa nzuri, hata bibi yako angezitia sahihi. Usimwandikie mtu ila awe amekubali. Bahasha iseme kweli ya kilichomo. Mtumaji ajitaje jina na mahali apatikanapo, asijifiche kama nguchiro kwenye banda la kuku. Na aliyechoka, akiandika "Yatosha" juu ya bahasha na kuirudisha, aachwe papo hapo; mtumaji huyo asimtangazie tena kwa barua, kwa pembe, wala kwa kinywa. Hapo mwisho Bwana Musyoka aliongeza maneno yake mwenyewe: "Mtumaji yeyote awaye, pasipo kujali cheo." Yalisikika vizuri, na karatasi ilikuwa imebaki na nafasi.

Mheshimiwa wa mkoani alipendezwa sana. Akaagiza jina lake liwekwe chini ya kila waraka, karibu na la Musyoka lakini kubwa zaidi. Akaahidi kuja mwenyewe kuizindua ofisi.

"Nijazie uwanja, Musyoka," alisema kwa simu, "nami nitakupa Mombasa. Ukiwa mtupu, nitakutafutia mahali ambapo hata kunguru huomba uhamisho."

Tangu siku ile Bwana Musyoka hakulala vizuri, ingawa alilalia godoro jipya.

Godoro lenyewe ndilo lililoleta kesi ya kwanza. Mkewe, Mwikali, alilinunua kwa Kahonzi, mama wa Kigiriama aliyeshona magodoro ya sufi nyuma ya soko la Muyeye. Kahonzi alikuwa na desturi yake. Mtu akinunua, humwuliza, "Sufi mpya ikipasuka, nikuandikie?" Akisema ndiyo, ataandikiwa. Akisema la, atapewa maji ya kunywa na kwenda zake. Msimu ule sufi ilikuwa imepasuka mitini, magunia yamejaa hadi mlangoni, na barua ikatua kwenye sanduku la ofisi, ndiyo anwani aliyoiacha Mwikali. Bwana Musyoka akaisoma mara mbili, kwa uwajibikaji:

"Mimi Kahonzi wa magodoro, nyuma ya soko. Sufi imefika. Godoro lililolaliwa miaka mingi si godoro tena, ni ramani ya milima. Njoo tulijaze. Ukichoka na barua zangu, sema."

Akamwita ofisini. Kahonzi akaingia, akasimama, akangoja kuamkiwa, maana kwa umri alikuwa mamake kabisa. Bwana Musyoka alijua hivyo. Lakini kikazi, ofisi haitoi shikamoo.

"Umeniandikia bila ridhaa yangu," akasema.

"Mkeo aliridhia, mwanangu."

"Mke wangu si mimi."

"Godoro si mwalilalia wawili?"

Idah akainamia taipu yake. Bwana Musyoka akakohoa.

"Mama, hili ni suala la kisera. Kuanzia leo barua zako zimesimamishwa. Siku ya uzinduzi utaletwa uwanjani pamoja na godoro moja, uwe kielelezo. Mheshimiwa ndiye atakayeamua kama utaandika tena."

"Na sufi yangu? Mvua ikiikuta mlangoni, itabaki ya kutandikia kuku."

"Sufi haina kifungu."

Kahonzi akamtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtoto aliyevaa viatu vya babake. "Kitendawili," akasema.

"Tega," akajibu Bwana Musyoka, kabla hajakumbuka kuwa yeye ni ofisi.

"Hakualikwa, kaingia. Hakukaribishwa, kaketi. Mwenye nyumba akinung'unika, huambiwa yeye ndiye hana adabu."

"Nzi."

"Nzi ukimpunga huondoka."

"Mkwe."

"Mkwe huja na kitu mkononi, hata kama ni miwa. Umeshindwa. Nipe mji."

Bwana Musyoka akacheka. Mji uliokuwa karibu na ulimi wake ulikuwa mmoja tu. "Haya, chukua Mombasa."

"Nimeuchukua," akasema Kahonzi, akajifunga leso vizuri. "Jibu nitakupa siku utakayolihitaji."

Sasa ikaja kazi ya kujaza uwanja. Bwana Musyoka akatunga mwaliko, akauita Waraka, akaambatisha kanuni zote, akaagiza upelekwe kwenye kila sanduku kuanzia Malindi hadi Junju, kila wiki, na wiki ya mwisho kila siku.

"Bwana," akauliza Idah, "hawa wameridhia kuandikiwa?"

"Idah, hili si tangazo. Hii ni taarifa."

"Tofauti yake?"

"Tangazo hutoka kwa mwenye duka."

Akaagiza tena kila bahasha igongwe muhuri mwekundu wa HARAKA. Idah akauliza kama hilo ni kweli ya kilichomo. Bwana Musyoka akasema kwamba kwake yeye ni haraka sana.

Masanduku ya posta yalikuwa machache, na nusu ya Muyeye ilipokea barua zake kupitia sanduku la kanisa, zikagawiwa baada ya ibada. Jumapili moja Mzee Fondo akakabidhiwa bahasha ya kaki, nzito, yenye muhuri mwekundu. Nyumbani kwa Fondo barua ya haraka ilikuwa na maana moja tu, na haikufunguliwa na mtu mmoja. Ilingoja ukoo. Fondo akatuma watu Junju. Mikeka ikatandikwa, wanawake wakaanza kulia kwa tahadhari, maana hawakujua bado wamlilie nani. Mbuzi akachinjwa, kwani wageni wa msiba hawalali njaa. Jioni ukoo ulipotimia, mchungaji akaitwa, akaichana bahasha, akasoma kwa sauti ya mazishi:

"Waraka wa Saba. Unakumbushwa kuhusu Waraka wa Sita."

Kilio kikakatika. Mchungaji akataka kuikunja.

"Hapana," akasema Fondo. "Huu nimeulipia mbuzi. Nisomee wote."

Ndipo ukoo mzima, ukiwa umeshiba nyama, ukasikia kanuni ile ya mwisho, pamoja na maneno "pasipo kujali cheo". Fondo akaomba hapo parudiwe. Kisha akasema, "Niandikie neno hilo, Yatosha, juu ya bahasha. Liwe kubwa kama muhuri wao." Nyuma yake wakapanga foleni, bahasha mkononi, hata waliotoka Junju.

Wiki iliyofuata bahasha zikaanza kurudi. Zilirudi kwa mafungu, kisha kwa magunia, mpaka ofisi ikawa haina pa kukanyaga. Bwana Musyoka akafurahi. Akamwandikia Mheshimiwa kwamba mwitikio wa wananchi umevuka matarajio.

Siku ya uzinduzi ikafika. Jukwaa likapambwa kwa makuti, viti vikapangwa safu kwa safu. Saa nne hakukuwa na mtu. Saa tano akaja mbuzi, akala kona ya jukwaa, akaondoka.

"Chifu apige pembe," akasema Bwana Musyoka, jasho likimtiririka.

"Asimtangazie tena kwa barua, kwa pembe, wala kwa kinywa," akasema Idah. "Niliipiga chapa mwenyewe, bwana. Wote walishasema yatosha."

Mheshimiwa alipowasili na msafara wake, akapanda jukwaani, akakunjua hotuba, akainua macho. Mbele yake alikuwapo mama mmoja, ameketi juu ya godoro, anatafuna karanga. Hakuwa na sanduku la posta, hakupata waraka, hivyo hakuwa na cha kurudisha.

"Ndugu wananchi," akaanza Mheshimiwa. Akageuka. "Musyoka, watu wako wapi?"

"Wametii kanuni, mzee. Utii ni wa asilimia mia."

"Futa kanuni hiyo sasa hivi."

"Nimeifuta, mzee. Ila hawatajua kwamba imefutwa."

"Watangazie."

Bwana Musyoka akatazama viatu vyake. "Hawatangaziki, mzee."

"Basi nitawatangazia mimi."

Idah akamwonyesha waraka, pale chini, jina lake likiwa kubwa kuliko yote. Naye alikuwa mtumaji. Wilaya nzima ilikuwa imemwambia yatosha, kihalali, na kwa hiari. Na mwezi uliofuata alikuwa na harambee.

Mheshimiwa akalitafakari godoro. "Na wewe mama, wanasoma barua zako?"

"Wanasoma. Niliwauliza kwanza."

"Basi andika leo leo. Na kwa chini niwekee mistari miwili ya harambee yangu."

"Nitawauliza," akasema Kahonzi.

Akawauliza. Jibu lilikuja upesi kuliko bahasha yoyote ya haraka, na lilikuwa neno moja.

Sufi iliwahi kabla ya mvua. Kahonzi akaijaza yote, na magodoro ya ziada akayapeleka Mombasa, ambako hoteli moja iliomba kuandikiwa kila msimu. Mheshimiwa yeye aliendesha harambee yake mbele ya mlinzi na dereva, na dereva alitoka kabla ya hotuba kwisha.

Bwana Musyoka alipata uhamisho, kama alivyoahidiwa. Siku moja kabla ya kuondoka alikwenda nyuma ya soko la Muyeye, hana mkoba wala waraka. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Akaketi. Akanunua godoro la mtu mmoja, maana Mwikali alikuwa amesema atafuata baadaye, bila kutaja lini. Kahonzi akalishona polepole.

"Kile kitendawili," akasema Bwana Musyoka. "Ni waraka wangu."

"Ndio. Lakini mji siurudishi."

Akamaliza, akakata uzi kwa meno, akamuuliza kama awaulizavyo wote, "Sufi mpya ikipasuka, nikuandikie?"

Bwana Musyoka akafikiria kule anakokwenda, ambako hapakuwa na mtu wa kumwandikia. "Niandikie, mama," akasema. "Kila wiki, ukiweza."

Ikawa ndiyo ridhaa ya kwanza iliyopita mikononi mwa ofisi ile kwa utaratibu tangu ifunguliwe.