Familia ya Mfano Imekosa Mke

Ilikuwa saa nane mchana pale Ukunda, nje ya kibanda cha Mwanapili muuza kahawa, mahali ambapo mtu huenda kunywa kikombe kimoja akaondoka na habari za mji mzima. Hesbon, mhudumu wa hoteli huko Diani ambaye wenzake walimbandika jina Bufee, aliinua simu akasoma kwa sauti.

"'Klabu ya Huduma ya Kusini, katika mwezi wa urafiki wa familia za wanachama, imeteua Familia ya Mfano. Leo saa kumi, familia kumi na sita zitaitembelea ili zijifunze mapenzi.' Halafu kuna picha. Wasee, si huyu ni Kengele?"

Macho yote yakamgeukia Kengele, yaani Mwero, anayepiga kengele ya kufungua vikao vya klabu hiyo. Mwero akainamia kahawa yake. Siku ya kumi na mbili hii mkewe Mwanatumu yuko kwao Kinondo, na Mwero hajamwambia mtu. Nyumba imempwaya, hata zile kelele za kuambiwa avue viatu mlangoni anazitamani.

"Hongera, bwana!" akasema Iddi, aitwaye Daktari kwa sababu anauza panadoli. "Mbona umenuna?"

"Mwanatumu hayuko."

"Amekwenda sokoni?"

"Amekwenda kwao. Mamake aliugua, akaniambia twende tukamtazame. Nikamwambia nina safari ya klabu, Taru."

"Kulikuwa na msiba Taru?"

"Ng'ombe wa mwanachama alizaa pacha. Tulikwenda kumpa hongera."

Mwanapili akaitua birika kwa kishindo. "Mkweo yuko kitandani, wewe unampongeza ng'ombe?"

"Nilikuwa kiongozi wa msafara, Bi Mwanapili!"

"Tulia, Kengele, hii ni kitu ndogo," akasema Hesbon. "Pale duka la mabuibui kuna doli. Livishe vizuri, liketishe kwa sofa. Wageni wakisalimia, sema ako na haya."

"Doli lile halina kichwa, Bufee."

"Si ndiyo poa? Hatajibu."

"Upuuzi," akasema Iddi. "Waambie yuko eda."

"Eda ya nani?"

"Yako."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Mlangoni, unapokea wageni." Iddi akanywa kahawa yake taratibu, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

"Mpigie simu mkeo, umwombe radhi," akasema Mwanapili.

"Nitaonekanaje mbele ya klabu?"

"Utaonekana una mke."

Kabla Mwero hajajibu, tuktuk ikasimama mbele yao. Wakashuka Nahashon, mwenyekiti wa klabu, na katibu wake Owen. Koti la mwenyekiti lilijaa beji, lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi kola peke yake. Mwero akasimama ghafla.

"Mwenyekiti, saa kumi haijafika!"

Nahashon hata salamu hakutoa. "Mwero, ndugu yangu, sema kweli. Virginia wangu yuko kwako?"

"Kwangu afuate nini?"

"Jumatatu aliniambia anakwenda kumtembelea Mwanatumu, kwa ajili ya mwezi wa urafiki. Sijamwona tena. Ninakula mkate mkavu."

"Jumanne Veronicah wangu akamfuata Virginia," akasema Owen. "Wake waliobaki wakaenda kuwatafuta hao wawili. Familia kumi na sita, Mwero, na hakuna mke hata mmoja! Tulikuwa tuje leo kumtazama wako, angalau tukumbuke wanafanana vipi."

Ikawa hakuna tena wa kumficha mwenzake. Mwero akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. Kulisikika vicheko na sufuria.

"Sisi hatujambo," akasema Mwanatumu. "Mama ameanza kutembea. Virginia anamkanda miguu, Veronicah anatupikia wali wa nazi. Na hakuna hata mmoja aliyepiga picha."

Nahashon akatazama chini.

"Rudi nyumbani, mke wangu," akasema Mwero.

"Unaniita kwa ajili ya wageni, au kwa ajili yangu?"

Mwero akamtazama mwenyekiti na beji zake. "Kwa ajili yako. Nyumba haikaliki bila wewe. Na mama nilimkosea, nitakuja mwenyewe nimwambie."

Ikasikika minong'ono ya watu wengi.

"Nimekusikia, na nimefurahi," akasema Mwanatumu, kwa sauti laini zaidi. "Lakini siamui peke yangu sasa. Wenzangu wamepitisha kwamba mume anayetaka kuingia huku aandike barua, kikao kiijadili kesho."

Simu ikakatika. Mwanapili alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Nahashon akamwomba, kwa adabu zote, karatasi moja ya kufungia mahamri. Owen naye akaomba yake. Mwero hakuwangojea. Alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya benchi na kalamu ya Hesbon mkononi, akiandika kwa herufi kubwa: KUH: OMBI LA KUJIUNGA NA MKE WANGU.