Barua ya Bibi na Neno Bahaluli

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Miwani, yule dada wa meza ya dirishani, kapata neno. Bahaluli! Neno kuukuu, la enzi za kina bibi. Maana yake mjinga, zuzu. Kasimama mbele ya ofisi nzima akaeleza lilivyotoka Kiarabu: huko bahaluli alikuwa mtu wa kuchekacheka, halafu mchekeshaji, kufika kwetu akawa kishapumbaa. Mzee, mkuu wetu wa kamusi, kapiga makofi. Mimi miaka kumi na tisa hajanipigia hata kofi moja.

Kisha akatangaza: atakayeleta ushahidi mkongwe zaidi wa neno hilo atatajwa kwenye dibaji ya toleo jipya. Jina moja tu. Wivu? Sina. Ila chakula cha mchana hakikupita.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kwetu neno haliingii kamusini bila maandishi. Basi yatakuwepo. Marehemu bibi yangu atamwandikia dada yake barua, itakayoonyesha kuwa Bahaluli alikuwa jirani yao. Nimeloweka karatasi kwenye chai ya rangi, ionekane ya zamani. Mke wangu kauliza kama aitie sukari. Nikamwambia huu ni utafiti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiwasilisha. Mzee kaisoma kwa sauti: "Tangu jirani yetu Bahaluli ajifungie nje ya nyumba yake, kila zuzu huku anaitwa bahaluli (taz. juha)."

Akasita. Hiyo "taz." ni yetu sisi, ya kumwelekeza msomaji atazame neno jingine. Mkono umezoea jamani! Miwani akaniuliza kwa upole:

"Kaka, kwani bibi naye alikuwa mtunga kamusi?"

Watu wazima wakalalia meza kwa kicheko. Mzee hakucheka. Kasema dibaji ni ya Miwani. Nimeumia, sitaki kudanganya, niliingia chooni nikakaa huko. Baadaye Miwani akanifuata, eti tutafute pamoja, atamwomba Mzee majina yawe mawili. Huruma! Nikakataa. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejichunguza kwa dhati. Kosa ni la bibi, hakuwa makini. Safari hii anaandika babu. Mke wangu kaficha majani ya chai, nimetumia kahawa. Hakuna "taz." hata moja, nimehakiki mara tatu. Nimeandika tu "uk. 214" pale chini, Mzee asihangaike kuitafuta.