Vita vya Mlango wa Jokofu

Tegeni masikio, enyi nyote mliowahi kuvutana na mlango mkavunjiwa heshima na kitasa! Nasimulia siku ambayo Bingwa wa Vijichupa, mtaalamu wa maabara ya uvimbe, mwenye glavu mbili na subira nusu, alipigana na Jokofu la Nyuzi Themanini Chini ya Sifuri, pasiwe na shahidi ila mfagizi.

Kwa koleo dogo alitoa humo kijichupa namba hamsini na tatu. Ndani mlikuwa na kipande cha uvimbe wa pafu la mtu asiyemjua, cha pekee kilichobaki baada ya upasuaji. Jeni zake zilikuwa zisomwe asubuhi ile, ipi inapiga kelele na ipi imenyamaza, ili daktari akadirie kama ugonjwa una tabia ya kurudi, ajue amwongezee mgonjwa dawa kali au amwache apumzike. Lakini ujumbe wa jeni huharibika upesi ukipata joto.

Shujaa akaufunga mlango kwa kishindo cha ushindi, akafunua kasha la barafu kavu la kukibebea. Tupu! Barafu ilikuwa imeishia hewani tangu jana, naye hakuangalia. Akaurukia mlango. Wapi! Jokofu lile likifungwa, hewa ya ndani hupoa na kuunyonya mlango, nalo lilibana midomo kama mtoto aliyekataa dawa.

"Ewe Ngome ya Barafu!" akanguruma, mguu mmoja ukutani. "Mimi niliyezishinda hasira za mkuu wa idara, nishindwe na mpira wa mlango? Fungua, nisije nikakuandikia barua!"

Jokofu nalo likanguruma, bila kujibu hoja.

Akavuta hata glavu ikamvuka, akaanguka chali, koleo likiwa juu kama bendera.

"Shangazi, nimekwisha!" akalia, maneno makuu yakiwa yamemwishia. "Kinayeyuka, na hakuna kingine!"

Mfagizi, ambaye maabara nzima humwita Shangazi, akaegemeza ufagio.

"Sasa mwanangu, unagombana na mlango ili iweje? Kuna kitundu cha kupitishia hewa hapo chini ya kitasa, kimezibwa na barafu. Mimi hukisafisha kila asubuhi. Leo ulinifukuza, eti nakuzibia njia."

Akachomoa pini kichwani, akachokonoa. Fyuuu! Jokofu likavuta pumzi, na mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Kijichupa kikarudi kwenye baridi kikiwa bado kigumu.

"Ushindi!" akapaza sauti Bingwa, akiipokea ile pini na kuiinua juu. "Vizazi vitaimba!"

"Waimbe tu. Nirudishie pini yangu, nywele zinaniangukia."

Kesho yake, barafu kavu mpya ilipopatikana, jeni zilisomeka zote, na daktari akapata jibu lake. Katika daftari la jokofu imeandikwa hadi leo, kwa wino mwekundu: "Saa nne na dakika tisa, ngome imeanguka. Silaha: pini moja, ya Shangazi." Naye mwenye pafu, huko aliko, nadhani wakati ule alikuwa akimenya chungwa, hajui kwamba alipiganiwa.