Bidon ya Mawese kwenye Gunia la Willy

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama Émilienne wa karakana ya plastiki ametukusanya. Avenyu itakayoleta chupa na bidon, yaani madumu ya plastiki, zikiwa safi ndiyo itakayotandikwa matofali ya plastiki kabla mvua haijakolea. Mafuta, mchanga, mabaki ya chakula: marufuku! Chombo kimoja kichafu kikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia, matofali yote yanapasuka. Fanny, mke wangu, nusura alie kwa furaha. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, na mawese pale konani, miguu matopeni, na mvua iliyopita ilimbebea beseni zima.

Mimi nilisikia jambo moja tu. Mwenye gunia safi kuliko wote atakuwa kiongozi wa usafi wa avenyu. Atapewa kofia!

Jumanne, 7 Oktoba

Balaa. Jirani yangu Willy ameosha chupa zake ziwani kwa sabuni, kisha akazianika kama nguo za mtoto mchanga. Mimi zangu nilizitia mchanga na maji nikatikisa, jinsi tunavyosugua bidon hapa Baraka siku zote. Mafuta yametoka. Mchanga umegoma kutoka. Usingizi sina.

Jumatano, 8 Oktoba

Willy alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikachukua jikoni bidon moja ya mawese, yenye masalio chini, nikaizamisha katikati ya gunia lake. Fanny akauliza mbona natoka jasho. Nikasema malaria. Akanipikia uji, maskini. Halafu akaanza kutafuta bidon yake, akilalamika kwamba zote amezifunga shingoni kipande cha kikwembe chake, kitenge cha ndege wa njano, kama bamama wote wa sokoni, ili zisipotee. Nikamwambia atafute vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeamka na mshtuko. Kitambaa! Nilikimbia hadi kwa Willy, gunia limeshabebwa. Karakanani Mama Émilienne alimwaga magunia moja moja. Langu lilimjaza mchanga miguuni, akalisukuma kando. Likafuata la Willy. Chupa, chupa, chupa, zote zinang'aa. Nikamwomba Mungu. Kisha bidon ikaanguka, kifuniko kikafyatuka, mawese yakatiririka hadi kwenye lundo la avenyu nzima. Yote yamekataliwa! Willy akaapa kwa watoto wake. Mimi nikapiga kelele kuliko wote kwamba ni aibu.

Mama Émilienne akainua bidon. Shingoni, kitambaa cha ndege wa njano. Watu wote wakamgeukia Fanny, aliyejifunga ndege walewale kiunoni.

Akaniuliza polepole: "Baba Merveille, hii haiko bidon yangu?"

Nikasema malaria.

Ijumaa, 10 Oktoba

Matofali wamepewa watu wa avenyu ya jirani. Mvua imenyesha. Nimemwona Fanny akiokota ndagala matopeni, na kwa kweli moyo umeniuma. Hanisemeshi. Mama Émilienne ametupa wiki moja tulete plastiki safi. Tukishindwa, basi hadi mwakani. Nimehukumiwa kuosha chupa za avenyu nzima, kwa sabuni, na Willy ananisimamia akiwa na kofia kichwani. Kofia yangu!

Somo nimelipata. Kitambaa kitolewe kwanza, kifungwe cha mtu mwingine. Mke wa Willy ameanika kikwembe chake uani. Mkasi ninao.