Kandambili Zisizo na Kifungu

Idara ya Udhihirishaji wa Mapenzi iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu mapenzi yatatambulika kwa njia nne tu: maneno matamu, zawadi, kushikana mikono na matembezi ya wawili. Mtumishi asiyethibitisha hata njia moja nyumbani kwake, mkataba wake hautaongezwa.

Mama Chai, mpishi wa chai wa Idara, alilisoma tangazo huku birika likichemka. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule. Hakutishika. Miaka ishirini na minane ya ndoa si mchezo ati.

Mkurugenzi alimhoji mwenyewe. Mumewe, fundi baiskeli, humwambia maneno gani matamu? Mama Chai akawaza, akajibu kwamba jana alimwambia gesi imekwisha. Zawadi? Hamna. Mikono? Ya mumewe ina grisi. Ila kila jioni humngoja getini na kandambili, maana viatu vya sare vinambana.

Mkurugenzi akapekua mwongozo mzima. Kandambili hazina kifungu, akasema, na tena ni za Mama Chai mwenyewe, si zawadi. Akagonga muhuri: HAKUNA MAPENZI.

Mama Chai alilia palepale juu ya trei. Kazi yake aliipenda, na mumewe pia, kumbe bila kibali.

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa kielelezo. Kwa niaba yake, katibu muhtasi alimtumia mke wa Mkurugenzi maneno matamu mara sita kwa siku. Dereva alimpelekea maua, akamtembeza bustanini kwa kumshika mkono. Ilibaki sahihi ya mke tu kwenye fomu ya uthibitisho. Mke akaja jioni hiyo, akamkuta fundi getini na kandambili mkononi, Mama Chai akibadili viatu. Akamuuliza fundi, alijuaje kwamba viatu vinambana?

"Alikuwa anachechemea, shemeji. Nikamuuliza."

Mke wa Mkurugenzi akapanda ngazi, akaandika kwenye fomu: "Njia zote nne zimetimizwa. Mhusika hajaonekana. Afundishwe na yule wa kandambili."

Sheria ni msumeno. Kamati ya Mikataba ikamteua fundi kuwa mkufunzi wa Mkurugenzi. Na kwa kuwa nyumba ya mkufunzi haiwezi kukosa mapenzi, muhuri ukafutwa, Mama Chai akapewa miaka mitatu mingine.

Somo la kwanza lilifanyika jikoni. Fundi akamwagiza mwanafunzi wake ampigie mkewe, kwa simu yake mwenyewe, si ya katibu, amuulize ameshindaje. Mama Chai akazima jiko ili wasikie vizuri. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Haloo," mke akasema. "Namba ngeni hii. Nani mwenzangu?"